Mzee Ebenezeri kwa Chaji Moja

Mwaka ule wa mgao mkali wa umeme, Theodora alimgeuza Mzee Sirili kuwa mwanamke.

Hakukusudia. Theodora alikuwa na kibanda cha kuchapa pale Kiboriloni, karibu na soko: kadi za harusi, barua za kuomba kazi, na zaidi ya vyote, ratiba za mazishi. Mlimani kwetu mtu hazikwi hivihivi. Anazikwa na karatasi yenye picha ya rangi, wasifu wake, na majina ya wajukuu mpaka wa tumboni. Theodora, kama wachapaji wote, hakuwa akianza kila marehemu upya. Alichukua ratiba ya msiba uliopita, akafuta wa zamani, akamweka mpya. Siku hiyo alikuwa amefuta nusu tu umeme ulipokatika. Uliporudi, wenye msiba walikuwa wamesimama mlangoni, gari linanguruma, jeneza limeshatangulia Kilema. Akachapa bila kusoma.

Basi Mzee Sirili, dereva wa lori, mtu wa ndevu, akasomwa kaburini kuwa "mama mwenye upendo, aliyeongoza kwaya ya akina mama kwa sauti yake nyororo." Msomaji alifika kwenye sauti nyororo ndipo akanyamaza. Vijana waliokuwa na sepetu waliziegemeza kwenye mgomba ili wacheke vizuri.

Na Kilema ndiko kwao Theodora. Misa ya Jumapili iliyofuata alisali nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Nanunua laptopu," alimwambia dada yake walipotoka. "Yenye betri hai. Nataka umeme ukikatika niambiwe na jirani."

Laptopu mpya siku zile ilikuwa kitu cha watu wa mashirika, wenye magari yenye antena. Theodora alitafuta ya mtumba, na watu wakamwelekeza kwa Thadeus wa Shirimatunda. Thadeus zamani alikuwa dalali wa magari. Masharti ya biashara yalipolegezwa na kila mtu akaruhusiwa kuleta anachoweza, akaingia kwenye vyombo vya umeme kutoka Ujerumani: majokofu, pasi, redio, na sasa kompyuta. Bidhaa alibadilisha, lugha aliacha ileile.

"Mama, hii imetembea kidogo sana," alisema kwenye simu. "Mwenyewe alikuwa bibi wa Kijerumani. Akiitoa Jumapili tu."

"Anakwenda nayo kanisani?"

"Haijagonga, haijarudiwa rangi. Njoo Jumamosi uiwashe kwa mkono wako."

Jumamosi Theodora akashuka Shirimatunda. Getini alikuta magari yamepangana mpaka kwenye shamba la mahindi la jirani, benchi zimewekwa uani, na wanawake wanamenya ndizi kando ya sufuria ambayo ng'ombe angeweza kuoga ndani yake. Akajua ni msiba. Akageuka aondoke, lakini Thadeus alikuwa amekwisha kumwona. Alikuja akikimbia, mtu mnene aliyevaa koti jeusi na ndala.

"Mama Theodora! Karibu, karibu."

"Pole, baba. Sikujua mna msiba. Nitarudi siku nyingine."

"Urudi kwa nini? Ni baba yangu mdogo, Mzee Ebenezeri wa Old Moshi. Alikuwa hospitalini hapa mjini, ametutoka jana. Wazee wamekuja kwangu kupanga mazishi kwa sababu mimi ndiye mwenye makochi. Wewe pita. Marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa biashara, angenielewa."

Alimpeleka sebuleni. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na chumba kizima kilikuwa giza la mapazia. Kwenye makochi walikaa wazee wa ukoo. Aliyekaa katikati, na fimbo katikati ya magoti, alikuwa Mzee Elifuraha, kaka mkubwa wa marehemu na mwenyekiti wa kikao. Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, amejifunga khanga kichwani na miguu ameinyoosha mbele kwa sababu ya magoti mabovu, alikaa mjane, Mama Aikande. Theodora akawaamkia wote shikamoo, akatoa pole, akakaa pembeni kabisa kwenye meza ya chakula. Thadeus akamletea laptopu ikiwa imefungwa kwa taulo kama mtoto aliyetoka kubatizwa.

Theodora aliikagua kwa utaratibu. Aliigeuza tumbo juu, akakuta skrubu mbili hazipo.

"Hizo ni za urembo," alisema Thadeus kwa sauti ya chini ya msibani.

Akafungua na kufunga kifuniko, akisikiliza bawaba. Akapitisha kidole kwenye kibodi, kitufe kimoja baada ya kingine. Kitufe cha Q kilikuwa kimelegea kama jino la mtoto. Hilo halikumsumbua, Kiswahili hakina shughuli na Q. Alikaa muda mrefu kwenye A. Mtu wa Kiswahili akikosa A, hana cha kuandika ila kikohozi. A ilikuwa nzima.

"Sasa nikuletee chaja tuichomeke kwenye jenereta ya jirani," Thadeus akasema.

"Usihangaike. Siku kama ya leo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Betri inakaa kwa muda gani?"

"Mchana mzima! Unaandika mpaka unachoka wewe."

"Basi nitaandika mpaka nichoke," Theodora alisema, akaiwasha.

Kioo kilipowaka, sebule nzima ikapata mwanga wa bluu. Wazee wakageuka. Theodora akaanza kupiga vibonye kwa vidole vyote kumi, bila kuangalia, kama alivyofundishwa, na mlio ule ukasimamisha mazungumzo.

"Mama," Mzee Elifuraha akaita, "wewe unajua kuchapa?"

"Ndiyo kazi yangu, baba."

"Mungu ametuletea katibu! Thadeus, kwa nini hukusema? Sisi hapa tunashindana nani ana mwandiko unaosomeka. Mama, tuandikie wasifu wa ndugu yetu."

Thadeus alifumba macho. Alikuwa amepanga majaribio mafupi, ya heshima, kisha mkono kwa mkono. Hakupanga wasifu. Wasifu wa Kichagga unaanza na babu wa babu.

Mzee Elifuraha akakohoa, akaanza kusema taratibu, kama anayemsomea hakimu: "Mzee Ebenezeri alizaliwa Old Moshi, katika familia ya wakulima wacha Mungu..."

Theodora akaandika. Alipotazama kioo, akasimamisha vidole. Mzee mmoja mwenye miwani alikuwa ameshakuja kuchungulia juu ya bega lake.

"Huyu ni nani?" mzee yule akauliza. "Myee Ebeneyeri? *Aliyaliwa* Old Moshi?"

"Ni mashine ya Kijerumani," Theodora akaeleza. "Kwao Z na Y zimebadilishana viti. Vidole vyangu vinakwenda palipozoeleka, vinakuta mwenyeji mwingine."

"Utazoea tu," Thadeus akawahi. "Kama gari la usukani wa kushoto."

"Gari la usukani wa kushoto huwa linapunguzwa bei," Theodora akasema, na kuendelea. Makosa angeyarekebisha baadaye.

Mzee Elifuraha akaendelea na ndugu yake. Marehemu alikuwa mpole. Marehemu alikuwa mnyenyekevu. Marehemu alikuwa mtu wa amani ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kugombana na mtu.

"Yeleuwi," ilisikika sauti ya mshangao kutoka kwenye kiti cha plastiki.

Watu wote wakamtazama Mama Aikande. Tangu jana alikuwa hajasema kitu wala kutoa chozi, na wanawake wa jikoni walikuwa wameanza kunong'ona.

"Shemeji," Mzee Elifuraha akasema kwa upole, "una neno?"

"Nauliza tu. Huyo mnayemwandika ni nani?"

"Ni mumeo."

"Simjui. Hakuwahi kugombana na mtu? Na kesi ya masale?"

Wazee wakatazama sakafu. Kesi ya masale kila mtu aliijua. Masale ni mimea tunayopanda mpakani kati ya kihamba na kihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo, na Mzee Ebenezeri alikuwa ameshitakiana na jirani yake Jacob kwamba masale yanatembea. Kila mmoja alidai ni ya mwenzake yanayotembea. Kesi ilipita kwa mzee wa kanisa, kwa balozi, kwa baraza la kata, na mahakimu wengine walistaafu wakaiacha.

"Mambo hayo hayaandikwi," Mzee Elifuraha akasema.

"Basi mtamzika mtu mwingine," akajibu mjane. "Mtazika huyo mpole wenu, na wangu nitabaki naye nyumbani. Mama, wewe unayechapa, andika. Andika kwamba alikuwa mgomvi."

Theodora akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama fimbo yake. Theodora akaandika.

Mama Aikande akavuta kiti karibu na meza, na kwa mara ya kwanza tangu jana akaonekana ana nguvu. Akasema mumewe alikuwa akiamka gizani kuiba maji ya mfereji kabla ya zamu yake, kisha akienda kwenye kikao cha mfereji kuwasema wezi wa maji. Akasema watu walipong'oa kahawa wapande nyanya, yeye alikataa, na akawa anaizungumzisha mibuni yake asubuhi kwa Kichagga, akiiambia isiwasikilize wajinga. Akasema wanunuzi binafsi wa kahawa walipokuja na mizani zao, aliwafukuza kwa panga mbele ya majirani wote, halafu akawauzia jioni kwa mlango wa nyuma.

Mzee mmoja kwenye kochi akakohoa kwa nguvu. Alikuwa mmoja wa wanunuzi wale.

Sasa ugomvi ukapamba moto. Wengine walisema wasifu ni wa kumpa mtu heshima, hata kama hakuwa nayo. Wengine walisema bora ukweli kidogo uwemo, maana Jacob atakuwepo kaburini na atacheka. Wakabishana kuhusu mfereji, wakabishana kuhusu mwaka wa kubatizwa, wakabishana kama mjukuu aliyezaliwa Nairobi aandikwe na baba yake au bila. Na wakati wote huo laptopu ilikuwa inawaka, na kale kamchoro ka betri pembeni mwa kioo kalikuwa kanakonda.

Thadeus alisimama nyuma ya Theodora, jasho linamtoka.

"Wazee wangu, kubalianeni," alisihi. "Mjukuu wa Nairobi aandikwe tu, jina moja, tusonge mbele."

"Una haraka gani na mazishi ya baba yako?" Mzee Elifuraha akafoka.

Mashine ikalia, mlio mwembamba kama wa kifaranga. Thadeus akakohoa papo hapo ili kuufunika. Ikalia tena, akakohoa tena, mpaka mwanamke mmoja akamletea maji.

Theodora alikuwa ameusikia mlio wa kwanza. Alitoa flashi yake, aliyoivaa shingoni kwa kamba pamoja na rozari, akaichomeka na kuhifadhi kazi yote. Kisha akaendelea kuandika, maana Mama Aikande alikuwa amebadilisha sauti.

"Andika na hili," mjane alisema. "Magoti yangu yalipoharibika, alianza kuchemsha chai. Kila asubuhi. Anawasha kuni mwenyewe, ananiletea kitandani, kisha anakuja kukaa mlangoni aangalie kama kuna mtu anapita. Akisikia hatua, ananinyang'anya kikombe na kunipigia kelele niamke nimpikie. Miaka yote hiyo. Alinikataza nisimwambie mtu."



"Shemeji," Mzee Elifuraha akasema polepole, "hili ndilo baya kuliko yote. Maji ya mfereji tunaweza kuvumilia. Lakini mwanamume wa ukoo huu kuchemshia mwanamke chai! Hilo haliandikwi."

"Linaandikwa. Na chai yake ilikuwa mbaya. Iliungua. Sijui mtu anaunguzaje chai, lakini yeye aliweza. Nilikuwa nikiinywa yote kwa sababu..."

Kioo kikazima. Mwanga wa bluu ukatoweka usoni mwa watu, na sebule ikarudi kwenye giza la mapazia.

"Basi," Mzee Elifuraha akasema, na hakuweza kuficha nafuu yake. "Mungu ameamua. Yamefutika."

"Hayajafutika, baba," Theodora akasema. "Nimeyahifadhi. Isipokuwa hayo ya chai, lakini ninayo kichwani."

Mzee Elifuraha akaanza kusimama ili aseme kama mwenyekiti. Mama Aikande hakumsubiri.

"Shemeji, ukifa wewe, mkeo ataamua lako liandikwe vipi. Kwa sasa marehemu ni wangu."

Mzee alibaki hajasimama wala hajakaa. Alionekana anamfikiria mkewe, aliyekuwa jikoni, anamenya ndizi na kucheka na wenzake. Akajirudisha kwenye kochi taratibu.

"Angalau mtoe mlango wa nyuma," akasema. "Kwa heshima ya waliopo."

Wakatoa mlango wa nyuma. Mzee aliyekohoa akashukuru.

Ndipo Thadeus na Theodora wakabaki na mashine iliyolala kati yao, na ukoo mzima ukiwatazama, maana hakuna burudani ya msibani kama watu wanaopatana bei.

"Umejionea," Thadeus akasema. "Imeandika ukoo mzima."

"Imefia njiani."

"Imefia mwishoni!"

"Mama yako mdogo alikuwa katikati ya sentensi. Uliniambia mchana mzima. Nimeingia wanaanza kumenya ndizi, na hata machalari ya ndizi hizo hayajaiva. Skrubu hazipo, jino limelegea, na inamwita baba yako Myee Ebeneyeri."

Wazee wakacheka. Thadeus akaapa kwa bibi wa Kijerumani. Akashuka bei kidogo. Theodora akasimama na kuchukua pochi yake. Thadeus akashuka tena.

"Thadeus," Mama Aikande akasema, "mpe kwa bei anayotaka yeye. Betri nimeimaliza mimi."

Mtu hapatani bei na mjane siku ya pili ya msiba. Thadeus akaifunga laptopu kwenye taulo, na taulo pia likaenda.

Theodora alifika kibandani, umeme uliporudi akaichomeka, akaingia kwenye mipangilio na kuiambia mashine isahau Ujerumani. Z ikarudi kwake, Y ikarudi kwake, kazi ya muda wa kupiga chafya. Aliijua dawa hiyo tangu alipomwona Myee wa kwanza. Hakuona sababu ya kumpigia Thadeus simu kumweleza.

Kisha akaandika mambo ya chai. Hakujua mjane alitaka kumalizia vipi, na hakutaka kumzulia. Akaacha hivi: "Kwa miaka mingi alimchemshia mke wake chai kila asubuhi, ikaungua, na mkewe akainywa yote." Akasoma ratiba nzima mara tatu kabla ya kuchapa. Kisha akasoma tena jinsia.

Siku ya mazishi alipanda Old Moshi mwenyewe, kihambani kwa marehemu. Mwinjilisti aliyepewa kusoma wasifu alianza kwa sauti ya kawaida ya wasifu, ile inayolaza watu. Alipofika "alikuwa mgomvi" akasimama, akageuza karatasi kuangalia nyuma kama kuna maelezo, akamtazama mjane. Mama Aikande akaitikia kwa kichwa: endelea. Kwenye kesi ya masale watu walianza kujibana midomo. Kwenye maji ya mfereji wakaachia. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Nilijua! Nilijua ni yeye!" Vicheko vikapita migombani mpaka kwa waliokuwa barabarani, wakauliza kuna harusi gani.

Msomaji akafika kwenye chai. Kila mwanamume akatazama mbele, asitazamane na mkewe.

Jacob, yule jirani wa masale, alikuwa amesimama upande wake wa mpaka, amekataa kuvuka hata kwa mazishi. Alikuwa amecheka kuliko wote. Sasa uso wake ukabadilika.

"Mnafiki!" akapaza sauti kuelekea kwenye jeneza. "Mnafiki mkubwa wewe! Ulinicheka mimi mwaka mzima kwa sababu nilimchotea mke wangu maji!" Akapita katikati ya masale, akayakanyaga mawili, akaja mpaka kaburini akiendelea kumtukana marehemu, na machozi yanamtiririka kwenye mashavu. Wazee walitaka kumzuia. Mama Aikande akawaambia wamwache, ana haki zaidi yao. Wakasimama wawili kando ya kaburi, na hapo ndipo mjane naye akalia, kwa sauti, kama mtu aliyekuwa akisubiri mwenzake wa kulia naye. Mzee Elifuraha akavua kofia. Hata yeye alisema baadaye, wakati wa kula, kwamba katika mazishi yote aliyohudhuria yale yalikuwa ya kwanza ambayo aliyezikwa ndiye aliyekufa.

Tangu hapo kibandani kwa Theodora kukawa na shughuli nyingine. Wajane walikuja na kusema, "Nataka kama ya Old Moshi." Wanaume nao walikuja, wazima wa afya, wakiangalia huku na huku, wakitaka kuandika wasifu wao mapema kabla wengine hawajapata nafasi. Theodora aliwaandika wote. Wanaume walikuwa wapole, wanyenyekevu, hawajawahi kugombana na mtu, na walilipia kabla.

Betri iliendelea kuzeeka, jambo ambalo Thadeus hakulisema. Mwaka uliofuata ilikuwa inatosha marehemu mmoja mfupi, asiye na kesi. Wenye maisha marefu Theodora aliwapangia siku za umeme.